Niambie Ulichokiona Njiani

Mvua ikichelewa huku kwetu, hakuna mzee anayehamisha mifugo kwa kukisia. Hutumwa kijana mmoja au wawili, wenye miguu myepesi na macho makali, watangulie wakatazame. Wasomali huiita kazi hiyo sahan, Waborana huiita aburu. Kijana akirudi huketishwa, hupewa chai, kisha husimulia: nyasi zikoje, kisima kina maji kiasi gani, kupe wapo au hawapo, ni mifugo ya nani imeshatangulia. Haulizwi yeye angehamia wapi kama ng'ombe wangekuwa wake. Huulizwa alichokiona. Kuamua ni kwa wenye mifugo.

Kwa miaka minne nimekuwa nikiketi na wenzangu hapa mjini Isiolo kusomeana rasimu za makala za kitaaluma, na kila kikao kilichotuharibikia kiliharibika kwa sababu hiyo hiyo: wasomaji walikuja tayari kumhamishia mwenzao mifugo. Mmoja alitaka makala iwe juu ya jambo jingine, wa pili alitaka mbinu aliyoizoea yeye, wa tatu aliandika upya aya nzima kwa kalamu nyekundu. Mwandishi aliondoka na mzigo wa maagizo yasiyopatana, akakaa miezi miwili bila kuigusa rasimu. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia alichokikuta mle ndani.

Ninaandika kwa ajili yako wewe unayefundisha chuo cha utabibu, au uliye afisa wa mifugo wa kaunti, au mwalimu wa sekondari unayesomea uzamili au uzamivu Meru au Nairobi huku maisha yako yakiwa Isiolo, Garbatulla au Merti. Unajua mzigo ulio nao. Miongozo ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2014 ilimtaka mwanafunzi wa uzamili awe na makala moja katika jarida linalohakikiwa, na wa uzamivu awe na makala mbili, kabla ya kuhitimu. Msimamizi wako yuko mbali. Nairobi pekee ni kilomita kama 285 kutoka hapa. Ana wanafunzi wengine, ana madarasa, na akikujibu barua pepe ndani ya mwezi unashukuru. Mimi msimamizi wangu wa kwanza alinirudishia sura nzima ikiwa na neno moja pembeni: "Boresha." Nililitazama neno lile wiki nzima nikijaribu kulielewa. Sikuwa na mtu wa kumwuliza amekwama wapi alipokuwa akisoma.

Kusomeana kabla ya kuchapisha ni desturi ya zamani Afrika Mashariki. Kule Makerere, katika Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki, ambayo Audrey Richards aliiongoza kuanzia 1950, watafiti waliokuwa wametawanyika vijijini walirudi mikutanoni na karatasi zao zikiwa zimenakiliwa kwa stenseli, zikajadiliwa kabla hazijawa vitabu. Siku hizi CARTA, muungano wa vyuo na taasisi za Afrika ulioanza 2008 chini ya kituo cha utafiti cha APHRC cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, huwakutanisha wanafunzi wa uzamivu katika semina za pamoja. AuthorAID, iliyoanza 2007, huwaunganisha watafiti chipukizi na walezi kupitia mtandao. Ukipata nafasi huko, ichukue. Lakini nafasi hizo ni chache, na jambo lenyewe linaloleta faida, yaani watu watano waliosoma kurasa zako kwa makini wakaketi mbele yako, halihitaji ufadhili.

Tuanze na idadi. Wanne ni wachache mmoja akiugua. Saba ni wengi mno kwa alasiri moja. Sisi tuko sita, na vikao vizuri vimekuwa vya watano. Hatujatafuta watu wa fani moja. Tunaye muuguzi, tunaye mtu wa sayansi ya chakula, wawili wa elimu, mmoja wa maliasili, na mimi wa historia. Mtu wa fani yako ataruka mahali uliporuka kwa kuwa anajua kilichopo. Mtu wa fani nyingine hudumbukia hapo hapo kwenye shimo, na shimo hilo ndilo unalotaka kulijua.

Usilete tasnifu nzima. Leta kurasa sita, zisizidi nane, uzitume Jumatano jioni kwa ajili ya Jumamosi. Anayetuma Ijumaa usiku zamu yake inasogea, hata awe nani. Tulipokuwa tukilegeza sharti hili watu walisomea kwenye bodaboda, wakaja kusema mambo ya jumla ambayo yangeweza kusemwa juu ya makala yoyote duniani. Na zichapishe kurasa hizo saiba. Najua gharama, najua simu ipo, lakini anayesoma kwenye simu huteleza, na huwezi kupiga mstari pembeni mwa kioo.

Juu ya ukurasa wa kwanza mwandishi aandike mistari mitatu: hii ni rasimu ya ngapi, inakusudiwa kwenda wapi, na ni jambo gani moja analotaka kulijua kutoka kwetu. Mstari huo wa tatu ndio mgumu. Wengi huandika "maoni yoyote yanakaribishwa," na hapo wamekaribisha kila kitu kuanzia nukta mpaka itikadi. Andika swali linalojibika. "Je, mwisho wa ukurasa wa pili mnajua ninachodai?" Au: "Jedwali la kwanza linaeleweka bila maelezo?" Ukijilazimisha kuandika swali la namna hiyo, mara nyingi utagundua jibu lake kabla hujatuma.

Kikaoni, mwandishi hasemi. Hili limetugharimu mabishano mengi na sitaliachia. Kila msomaji huanza kwa kueleza, kwa sentensi mbili au tatu za Kiswahili cha kawaida, makala hii inasema nini. Hasifu, hakosoi, anaeleza alichokielewa. Mwandishi anaandika tu. Wasomaji watano wakitoa maelezo matano tofauti, hakuna haja ya mtu kumwambia kwamba hoja yake haijakaa sawa, kwa sababu amesikia mwenyewe. Kisha kila msomaji anataja mahali alipopotea na mahali alipoamka, kwa nambari ya ukurasa. Baada ya hapo ndipo mwandishi hufungua mdomo, naye hufungua kwa kuuliza maswali. Akianza kujitetea, mwenye zamu ya kuongoza humkumbusha kwamba mhakiki wa jarida hatakuwa na mwandishi pembeni mwake wa kumfafanulia.

Mwaka 1973 Mmarekani Peter Elbow alichapisha kitabu, Writing Without Teachers, kilichohimiza makundi ya waandishi yasiyo na mwalimu, ambamo msomaji humsimulia mwandishi yaliyopita akilini mwake alipokuwa akisoma. Nilipokisoma nilimkumbuka kijana wa sahan na chai yake. Ni kazi ile ile.

Nikuonyeshe inavyokuwa. Mwaka jana dada mmoja wa kundi letu alileta makala juu ya biashara ya maziwa ya ngamia, maziwa haya yanayokusanywa hapa mjini na kusafirishwa kwa basi hadi Eastleigh. Ukurasa wa kwanza ulianza vile karibu kila rasimu ya huku inavyoanza: zaidi ya asilimia 80 ya ardhi ya Kenya ni kame au nusu kame. Ukaendelea na umuhimu wa ngamia, idadi ya ngamia, tafiti zilizotangulia. Msomaji wa kwanza alisema kazi ni nzuri na Mungu ambariki. Wa pili alikuwa amesahihisha mpangilio wa marejeleo. Wa tatu, mkubwa wetu kwa umri na cheo, ambaye tunamwita Daktari, alimshauri aache habari za wauzaji na apime bakteria maabara.

Wa nne alikuwa kijana mwalimu wa sekondari aliyekuwa ameanza uzamili muhula ule ule. Alikuwa amekunja kona ya ukurasa mmoja. "Dada," akasema, "kurasa za mwanzo nilizisoma kama abiria anayesubiri gari lijae. Huu wa saba nilisimama. Nilimsomea mke wangu."

Tukaufungua ukurasa wa saba. Katikati ya sehemu ya mbinu, katika aya moja fupi, dada alikuwa ameeleza kinachotokea kabla maziwa hayajachanganywa. Mama mmoja huinamia kila mtungi mdogo uliotoka malishoni, hufungua kifuniko, hunusa, humimina tone kwenye kiganja na kuonja. Vyombo hufukizwa kwa moshi wa kuni, kwa hiyo pua yake lazima itenganishe harufu ya moshi na harufu ya uchachu unaoanza. Mtungi ukimtia shaka unawekwa kando, na mwenye mtungi huo anajulikana kwa jina.

Dada akawa kimya, kisha akasema, "Hilo niliweka tu kama maelezo. Sikudhani ni matokeo."

Hapo ndipo makala yake ilipopatikana. Alikuwa amesafiri alfajiri nyingi kuliona jambo ambalo wahakiki wa mbali hawalijui, yaani mfumo mzima wa kudhibiti ubora unaoishi katika pua za akina mama na katika sifa zao mbele ya wenzao, halafu akalizika chini ya takwimu ambayo kila mtu ameisoma mara mia. Kijana hakumwagiza ahamishe chochote. Alisimulia tu alipoamka.

Sasa fikiria: mkubwa wetu alikuwa ameshasema kabla yake. Kijana mwingine asingefungua mdomo. Sisi tumelelewa kumheshimu aliyetutangulia, na ni malezi mema ambayo sitaki mtu yeyote ayaache mlangoni. Lakini heshima inahitaji kupangiwa njia. Kwetu, tangu siku hiyo, mdogo husema kwanza, mwenye cheo husema mwisho, na hilo ni sharti la kundi wala si ujasiri wa mtu. Kijana hajamvunjia Daktari adabu, ametii utaratibu. Na Daktari akisema mwisho, baada ya kuwasikia wote, maneno yake huwa na uzito unaostahili. Pia tunaitana kama tunavyoitana mtaani: mwalimu, dada, daktari, mzee. Niliwahi kuketi katika warsha moja mjini Nairobi ambapo tuliambiwa tuitane kwa majina matupu ili tuwe huru. Wadogo walinyamaza zaidi, kwa sababu hawakujua tena wazungumze kwa sauti gani.

Lugha nayo ina lake. Makala zetu nyingi zinakwenda kwa Kiingereza, na wengine hudhani mjadala nao sharti uwe wa Kiingereza ili tujizoeze. Nilikuwa na imani hiyo, nimeiacha. Mtu akieleza utafiti wake kwa Kiswahili, au kwa Kiborana mwenzake akimtafsiria, watendaji hurudi ndani ya sentensi: mama ananusa, chifu anakataa, daktari wa mifugo hafiki. Rasimu ya Kiingereza ya mtu huyo huyo huwa imejaa mambo yanayotendeka bila mtu. Kwa hiyo tunamwomba mwandishi aliyekwama atusimulie kwa dakika tano, tunarekodi kwa simu, anaondoka na sauti yake mwenyewe. Wengi wamepata ikisiri yao humo.

Na neno la nyumbani likibeba maana isiyohamishika, lisitupwe. Zeinabu Kabale Khalif na Gufu Oba walipochapisha mwaka 2013, katika jarida la Pastoralism, makala juu ya athari za vita vya shifta kwa uchumi wa wafugaji, waliweka jina la Kiborana la wakati ule mwanzo kabisa wa kichwa: Gaafa Dhaabaa, wakati wa kusimama. Wazee wa hapa waliozuiliwa katika kambi wakaona mifugo ikiisha hawahitaji kuelezwa kwa nini wakati ule unaitwa hivyo. Msomaji wa mbali anaelezwa, na akishaelezwa halisahau. Ukiona mwenzako ameweka neno la namna hiyo pembeni kwa woga, mwambie umeliona.

Kuna mambo mawili ambayo vitabu vya uandishi vilivyotoka ng'ambo havitakuonya, maana havikuandikwa kwa mji kama huu. La kwanza ni kwamba hapa tunajuana. Rasimu moja ilimtaja "mzee mwenye ngamia wengi kuliko wote" katika kijiji kilichotajwa kwa jina. Jina la mzee lilifichwa kama kibali cha utafiti kinavyotaka, lakini watu watatu mezani walimjua kabla ya kumaliza sentensi, na mmoja ni shemeji yake. Mzee alikuwa amesema mambo ya familia yake akiamini yamefichwa. Tangu siku hiyo, kabla hujatuma kurasa zako kwetu, unazipitia ukijiuliza kama jirani wa mhojiwa atamtambua. Badilisha kijiji kiwe wadi, punguza ngamia wawe "kundi kubwa," ondoa kazi ya mwanawe. Nakala za mahojiano yenyewe hazizunguki kabisa. Na karatasi zikishajadiliwa hurudi mkononi mwa mwandishi, hazibaki hotelini kufungia mahamri.

La pili ni zito zaidi. Isiolo ni mji wa Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu, Wameru na wengine, na mengi tunayoyaandika, kama malisho, mipaka, wizi wa mifugo na ardhi, yamewahi kumwaga damu. Mwenzetu mmoja alileta makala juu ya mashambulizi ya mifugo. Watu wa upande mmoja aliwaita wafugaji waliojihami. Wa upande wa pili aliwaita wavamizi. Hakukusudia. Ni maneno aliyokua nayo. Msomaji aliyetoka upande wa pili alisoma kwa utulivu, akaweka karatasi mezani, akasema: "Katika ukurasa wa tatu ndugu zangu hawana majina wala hawana sababu." Hakusema "wewe una ubaguzi." Alisimulia alichokikuta. Chumba kilikuwa kizito kwa muda, kisha mwandishi akashukuru, akarudi kuhoji watu aliokuwa hajawahoji. Hakuna mhakiki wa London ambaye angeuona ukurasa ule wa tatu. Kwa hiyo ukiunda kundi, usiunde la jamii yako tu kwa sababu ni raha zaidi. Mtafute mtu ambaye sentensi yako inaweza kumwumiza, umwombe aisome kwanza.

Wengine wataogopa kuibiwa wazo. Nimeulizwa hili mara nyingi. Rasimu inayotumwa kwa barua pepe ina tarehe na mashahidi watano. Hiyo ni kinga kubwa kuliko kuificha kwenye laptopu ambayo itakufa siku stima itakapocheza. Kubalianeni mapema kwamba kusoma hakumpi mtu haki ya kuwa mwandishi mwenza, na kwamba shukrani mwishoni mwa makala zinatosha. Na mkiwa pamoja, mkague pia mahali mwenzenu anapotaka kupeleka makala: jarida linaloahidi kuhakiki ndani ya siku tatu likishapokea ada linataka ada yake tu.

Chagueni wakati unaowafaa walio na majukumu mengi, hasa akina dada. Sisi hukutana Jumamosi baada ya sala ya alasiri, rasimu mbili tu, dakika arobaini kila moja, na tunafunga kabla ya magharibi ili kila mtu afike nyumbani kukiwa na mwanga. Mwezi wa Ramadhani tunasimama. Aliye Merti ambaye barabara imemshinda hutuma maoni yake kwa sauti kwenye WhatsApp, nasi huyacheza mezani kwa zamu yake, akiwa mdogo husikika mwanzo kama kawaida. Makosa ya sarufi hayajadiliwi. Yanawekwa alama kwenye karatasi na kukabidhiwa.

Baada ya kikao, mwandishi asiguse rasimu usiku huo. Asubuhi yake aandike ukurasa mmoja wa kujibu kundi: niliyasikia haya, nitabadilisha haya, haya nitayaacha kwa sababu hizi. Hilo la kuyaacha ni haki yake kamili. Waliokwenda kutazama malisho hawakasiriki mzee akichagua njia nyingine, mradi aliwasikiliza. Na barua hiyo ndiyo mazoezi bora ninayoyajua ya kuwajibu wahakiki wa jarida siku maoni yao yatakapofika, maana siku hiyo moyo utadunda na mkono utataka kubishana.

Makala ya maziwa sasa inaanza alfajiri, mama akiwa ameinama juu ya mtungi. Asilimia 80 imesogea hadi ukurasa wa nne, katika nusu sentensi. Mkubwa wetu, aliyetaka bakteria, ndiye aliyemsaidia kulinganisha mitungi iliyowekwa kando na vipimo vya maabara, na sehemu hiyo imeipa makala nguvu ambayo sisi wengine tusingeweza kuileta.

Jumamosi ijayo zamu ni yangu. Kurasa zangu sita zimetoka saiba leo asubuhi, nami nimezipeleka mwenyewe kwa kila mmoja, kwa muuguzi zamuni kwake na kwa kijana wa sekondari shuleni. Juu yazo nimeandika kwa kalamu: hii ni rasimu ya pili, inakusudiwa jarida la historia, sijui kama hoja yangu inaonekana kabla ya ukurasa wa nne. Niambieni mlipoiona.